Nimepiga kila chombo, sasa nyumbani wanataka niviuze

MUULIZE MJOMBA

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mwanamuziki, nakaa Tanga, nina miaka 54. Tangu nimalize darasa la saba sijafanya kazi nyingine ya kunilisha. Nilianza kama mpiga dumbaki kwenye kikundi cha taarab cha mtaani kwetu. Mzee aliyekuwa akipiga akodiani alipougua, nikakabidhiwa mimi, maana nilikuwa nimeshauiba ujuzi wake kwa macho. Basi ikawa ndiyo kazi yangu: pengo likitokea, naliziba. Besi, gitaa la solo, kinanda, udi, na fidla pia, ingawa fidla nilichelewa kuishika. Bendi za dansi zikasikia, zikaanza kuniita deiwaka. Nimepiga Tanga, Mombasa, Dar, na hoteli za Unguja. Nimepiga harusi zisizo na idadi. Hata kanisani nimewahi kupiga, siku mpiga kinanda wao aliposafiri, na mimi ni Mwislamu.

Sijawahi kuwa mwanachama wa kudumu wa bendi yoyote. Siyo kwamba sikuitwa. Niliitwa sana, ila nilipenda uhuru wangu: leo taarab, kesho dansi, keshokutwa studio. Na kwa miaka mingi haukunitupa. Nimejenga vyumba vinne, na watoto watatu wamesoma kwa akodiani na gitaa.

Sasa kazi zimepungua. Harusi nyingi siku hizi wanachukua dijei, au mtu mmoja na kinanda chenye midundo yote ndani. Bega la kushoto linaniuma, na vidole viwili vya mkono huo vinakufa ganzi nikipiga kwa muda mrefu. Shemeji yangu, kaka yake mke wangu, anafungua duka la vifaa vya ujenzi na ameniomba niingie naye ubia. Mtaji wangu utoke kwenye vyombo: akodiani, udi, fidla, magitaa mawili, besi, kinanda na spika zake. Mke wangu amelifurahia sana jambo hili. Anasema miaka yote nimekuwa nikirudi alfajiri na leo hatuna akiba yoyote. Sina cha kumjibu.

Lakini kuna jambo linalonikosesha usingizi kuliko yote hayo. Mwaka juzi kijana mmoja msanii aliniita studio Dar nimwekee akodiani kwenye wimbo wake. Alikuwa na mashairi na biti tu. Nilikaa nao usiku kucha nikawatungia kipande cha mwanzo, ambacho kinarudi tena katikati kabla ya ubeti wa mwisho. Nikapewa elfu sitini na nauli ya basi. Wimbo ule umepigwa kila mahali, na watu wanakiimba kile kipande changu kwa mdomo kabla ya maneno hayajaanza. Jina langu halipo popote. Mwanangu wa mwisho, ana miaka 19, aliusikia akaniuliza, "Baba, si wewe huyu?" Nikamwambia ni mimi. Akauliza walinilipa ngapi. Nikanyamaza. Na mtoto huyo ndiye anayetaka kunifuata kwenye muziki.

Mjomba, niuze? Au iko namna mtu wa aina yangu anaweza kuzeeka na muziki wake bila kuwa ombaomba?

Mpiga Vyombo, Tanga


Marahaba, mpwa wangu.

Usiuze vyote, na usiuze chochote mwezi huu. Nitafika huko kwenye vyombo, lakini kwanza nataka tuzungumze kuhusu hicho kipande cha akodiani, kwa sababu mengi uliyoyaandika yamejikunja humo.

Umeandika kana kwamba uhuru wako ndio uliokuponza. Siamini hivyo. Jiulize ni bendi ngapi kati ya zile zilizokuita uanachama bado zinapiga leo. Tanga yenu ilikuwa na Atomic na Jamhuri kwenye dansi, ikawa na Black Star na Lucky Star walioingiza gitaa la umeme na besi kwenye taarab mpaka Mombasa na Dar wakaiga. Majina makubwa yale, na bado yalififia. Mtu anayeweza kushuka kwenye jukwaa la taarab na akodiani, kisha usiku huohuo akapanda kwenye dansi na solo, ni zao la mji ule hasa, na ndiye anayebaki na kazi bendi zinapovunjika. Vyumba vinne na ada za watoto watatu havikuletwa na bahati.

Kilichokuponyoka ni kwamba kazi zako zote zimekaa kwenye majina ya watu wengine. Umetunga vipande studio miaka yote hii, ukalipwa posho, ukapanda basi. Hapo ndipo ilipokosekana hiyo akiba anayoulizia mkeo.

Turudi kwa kijana wa Dar. Swali la kwanza ambalo mtu yeyote atakuuliza ni hili: ulipiga ulichoelekezwa, au ulitunga? Ukipiga ulichoelekezwa wewe ni mpigaji. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya 1999, inamtambua mpigaji pia, lakini mtu akishakubali kurekodiwa na kupokea ujira bila sharti lolote, kudai zaidi baadaye ni mlima. Ukitunga, mambo ni tofauti. Wewe unasema walikuwa na mashairi na biti tu, na sauti ile imetoka kichwani kwako. Kama ni hivyo, una sehemu yako katika utunzi wa wimbo. Haki hiyo inazaliwa siku kazi inapotungwa. Huhitaji kuwa na cheti ndipo iwe yako, ila unahitaji ushahidi, na ushahidi huo nadhani unao kuliko unavyofikiri.

Prodyuza aliyerekodi usiku ule huenda bado ana faili la kazi kwenye kompyuta yake. Ndani yake akodiani imekaa kwenye mstari wake peke yake, na faili lina tarehe. Ukilifungua utajisikia unavyojaribu, unakosea, unarudia, mpaka kipande kinapatikana. Hakuna aliyepewa kitu cha kunakili anayerekodi namna hiyo. Mwombe nakala kabla kompyuta haijaharibika au studio haijahama. Tafuta pia ujumbe wa simu wa ile elfu sitini kama ilitumwa kwa simu, na jumbe zozote mlizoandikiana kabla ya safari. Kumbuka vizuri kama kuna karatasi uliyosaini usiku ule. Kama ipo, pata nakala uisome yote kabla hujafungua mdomo.

Halafu mwendee kijana mwenyewe. Usianze redioni, na usianze kwa wakili. Nenda na mtu mzima mnayeheshimiana naye nyote wawili, kaeni, mweleze. Vijana wengi hawajui kabisa kwamba aliyetunga sauti ya akodiani ni mtunzi. Wanadhani mtunzi ni mwenye maneno. Omba vitu viwili: jina lako liandikwe kama mtunzi mwenza kila mahali wimbo ulikosajiliwa na kupakiwa, na fungu la mapato kuanzia sasa, kwa asilimia mtakayoandikiana. Ya nyuma yazungumzieni, lakini usikubali yavunje mazungumzo. Wimbo unaopendwa hivyo utapigwa miaka mingi, na kwa sheria ile ya 1999 haki ya mtunzi inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Maana yake kijana wako wa miaka 19 naye yumo katika jambo hili. Akikataa, COSOTA ndiyo ofisi ya serikali yenye dhamana ya hakimiliki Tanzania Bara. Peleka ushahidi wako huko, uombe wakukutanisheni.

Kuanzia leo usishike chombo studio kabla ya karatasi. Ukurasa mmoja wa daftari unatosha: jina la wimbo, tarehe, nani yupo, wewe umepiga nini, umetunga nini, umelipwa kiasi gani, na kama umetunga, fungu lako ni lipi. Sahihi zenu, na ya prodyuza. Pigeni picha, kila mtu abaki nayo kwenye simu. Najua itakuwa na aibu mwanzoni. Nimekuwa mweka hazina wa bendi, nafahamu jinsi watu wanavyokutazama ukitoa kalamu wakati wengine wanatia gitaa sauti. Vumilia aibu hiyo. Harusini chukua fedha yako taslimu na uende zako, huko hakuna cha kuandikiana. Studio ndiko kwenye karatasi.

Na nyimbo zako mwenyewe? Hukutaja hata moja. Mtu anayejua dumbaki, besi, solo, kinanda, udi, fidla na akodiani anaweza kurekodi wimbo mzima bila kumlipa mpigaji mwingine, na hili ni jambo ambalo mwimbaji yeyote wa Dar angelitamani. Sisemi utakuwa tajiri kwa kupakia nyimbo mtandaoni, malipo ya huko ni kidogo kwa msanii asiye na wasikilizaji wengi. Lakini rekodi yenye jina lako ndiyo inayomfanya mwenye hoteli, mwenye tamasha au mtengeneza filamu akutafute wewe badala ya kumtafuta mtu anayekujua. Rekodi ala tupu kama hutaki kuimba. Anza na akodiani na udi.

Ndiyo, akodiani na udi, na hapa nakuja kwenye kuuza. Kinanda na spika vinashuka bei kila mwaka toleo jipya linapotoka, kwa hiyo ukitaka kupunguza mzigo, punguza huko, na gitaa moja kati ya mawili. Udi na akodiani usiviguse. Taarab ya sasa imetupa akodiani na fidla ikaviweka vyote ndani ya kinanda, ndiyo maana kijana yule alikuita wewe kutoka Tanga: sauti aliyoitaka hakuipata kwenye kompyuta. Udi hauna vituo shingoni kama gitaa, kidole chako kinaweza kukaa kwenye robo ya sauti inayodaiwa na bayati au rasti, zile ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu. Wapigaji wenye vidole vya namna hiyo wanazidi kupungua pwani hii, na wewe unataka kubadilisha udi kwa mifuko ya saruji.

Nikuambie pia habari ya Mzee Muhidin Gurumo, maana umeuliza juu ya kuzeeka. Alistaafu muziki mwaka 2013, baada ya zaidi ya miaka 50 ya kuimba kwenye bendi za dansi kama NUTA Jazz, Mlimani Park, OSS na Msondo. Mwaka huohuo Diamond Platnumz akamzawadia gari, na Aprili 2014 mzee akatutoka. Nilimsifu kijana kwa moyo ule, na bado namsifu. Lakini iliniuma kwamba mtu aliyeimbia nchi nzima tangu miaka ya 60 alistaafu gari likiwa ni zawadi. Gurumo alikuwa mtu wa bendi kubwa muda wote. Kuwa ndani ya bendi hakukumhakikishia uzee wake, kwa hiyo usijilaumu kwamba ungejiunga ungekuwa salama.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyefariki 2003. Alipiga ilimba, ile marimba ya kushika mkononi, alipiga zeze, aliimba kwa sauti ambayo ukiisikia mara moja huisahau, na alizunguka dunia mpaka kampuni ya Real World ya Uingereza ikatoa albamu zake. Lakini Bagamoyo watu walimjua pia kama mwalimu kwenye chuo cha sanaa, na watoto na wajukuu wake wameendelea na muziki ule. Kufundisha ndiyo kazi inayokaa na mwanamuziki mwenye umri. Unguja, tangu 2002, Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kimekuwa kikifundisha udi, fidla, na kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, na baadhi ya wanaofundisha ni watu waliotoka kwenye vikundi vya taarab kama wewe. Tanga hakuna sababu usiwe na wanafunzi wako barazani. Toza kwa mwezi, na fedha itangulie. Mwanafunzi anayelipa kila anapokuja atakosa kuja siku asiyo nayo. Anza na wachache, wapangie siku, na mwanao awe mmoja wao, kwa saa na kwa nidhamu kama wengine. Ukimwona baada ya mwaka bado anashika chombo asubuhi bila kuambiwa, hutakuwa na haja ya kuniuliza mimi. Lakini asome chochote kingine pembeni, umeme au uhandisi wa sauti, kwa sababu soko atakaloingia yeye ni gumu kuliko lako.

Bega na vidole usivipeleke kwa mkandaji tu. Ganzi ya vidole inaweza kutoka kwenye neva shingoni, kiwikoni au kwenye kiganja, na daktari ndiye wa kujua ni wapi. Mwambie kazi yako ni nini na umuonyeshe unavyoshika vyombo, hata ukienda na fidla hospitali. Akodiani kubwa ya besi 120 ina uzito wa kilo kumi na zaidi, nayo inaning'inia begani, kisha unashika fidla na kuliinua bega lilelile, kisha besi na mkanda wake mwembamba. Mwili hauna pa kupumzika. Piga akodiani ukiwa umekaa, mikanda yote miwili pamoja na ule wa mgongoni, nunua mkanda mpana wa besi, na panga programu ili chombo kizito kisifuate chombo kizito. Ikibidi fidla iachwe, iachwe. Hapa kujua vyombo vingi ni neema kubwa: mwenye chombo kimoja angekuwa ameshasimama kazi.

Sasa mkeo. Amekusubiri alfajiri miaka yote hiyo, na anapouliza iko wapi akiba hakuonei. Usimjibu kwa maneno. Chukua daftari, andika kazi zote unazozikumbuka za miezi kumi na miwili iliyopita: tarehe, mahali, ulicholipwa, nauli, nyuzi ulizonunua. Andika pamoja naye, maana huenda anakumbuka kuliko wewe. Mtaona wenyewe kwamba Ramadhani ni sifuri, baada ya Idi zinarundikana, na mwisho wa mwaka vilevile. Mwanamuziki hana mshahara wa mwezi, ana mavuno ya misimu, na miezi mikavu lazima ilishwe na ile yenye neema. Kila unaporudi kutoka kwenye shughuli, fungu mlilokubaliana apewe yeye kabla hujavua viatu. Kisha nendeni pamoja ofisi ya NSSF, wana mpango wa watu waliojiajiri, waulizeni kwa umri wako kiwango gani kinakufaa. Ungeanza ukiwa na miaka 25 ingekuwa bora sana, lakini miaka 54 nayo haijafunga mlango. Bima ya afya muiulizie wiki hiyohiyo, ukizingatia hilo bega.

Nimebakisha duka. Sina neno na duka. Wanamuziki wengi wameishi kwa kuwa na mguu mmoja kwenye biashara, na saruji inauzwa hata Ramadhani. Ninachokataa ni mtaji utoke kwenye akodiani na udi, na wewe ukae kaunta siku saba. Mwambie shemeji hivi: utaleta fedha za kinanda, spika na gitaa moja, hisa yako iwe ndogo kulingana na fedha hiyo, iandikwe, na Ijumaa mchana mpaka Jumapili usihesabiwe dukani kwa sababu uko kazini. Msikilize atakavyosema. Akikubali kwa masharti hayo, ingia, na uwe mwaminifu kwake. Akisema ni vyote au basi, mshukuru, mnywe kahawa, na umtafutie mteja wake wa kwanza kati ya watu wanaokuita harusini. Na ukishamwona kijana wa Dar, niandikie alisema nini.

Mjomba